Jumatano, Saa Kumi

Simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai
huko Kyimo, kila Jumatano saa kumi,
nami niko Mbeya, chumba cha uani, Mwanjelwa,
na daftari la mistari, kalamu mbili,
na agizo la mwalimu wangu: tazama, usiseme.
Usimsifu mtoto. Usimshauri mama.
Kama moto haujashika mkeka, nyamaza.

Kabla ya maradhi haya ningekwenda mwenyewe,
ningevua viatu vyenye tope mlangoni,
ningekaa kwenye kigoda nikanusa maziwa na moshi.
Sasa nanusa kwa kukisia.
Mtandao ukikata, Ipyana anaganda
mdomo wazi, jicho moja limefumba.
Naandika: saa kumi na dakika kumi na mbili, amekuwa picha.
Ukirudi, kilio kimekwisha
na sijui nani alikinyamazisha, wala kwa nini.
Daftari limejaa matobo ya namna hiyo.

Miezi minne. Mitano. Anakaa kwa kuzungushiwa mito.
Subilaga anamkanda miguu kwa mafuta ya mgando,
anamnong'oneza Kinyakyusa.
Mimi Mhehe wa Kalenga, lugha ya jirani huniacha njiani,
ila mtoto anaelewa, anajibu kwa kisigino.
Kisha mvua inapiga bati
hadi kila sauti inakuwa mvua.
Nabaki na midomo inayocheza.

Halafu ile Jumatano ya nyungu.
Mama mkwe alikuwa akikohoa tangu Ijumaa.
Sufuria ikaletwa katikati ya sakafu, inafuka,
majani ya mkaratusi, mchaichai, malimau yaliyopasuliwa,
na blanketi zito la kijivu.
Wakaingia wote wawili.
Mtoto akabaki na kilima kinachokohoa.
Alikitazama kilima. Akanitazama mimi.
Akakitazama tena, mdomo wa chini ukaanza kutetemeka,
nami niliyeapa kutosema
nikasema: Yupo. Mama yupo humo humo.
Sikuliandika hilo. Naliandika leo.

Blanketi likafunuka, mama akatoka
uso unachuruzika, nywele zimelala,
na Ipyana akacheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka,
akidhani yote yale, mvuke na kikohozi na hofu,
yalikuwa mchezo aliotungiwa yeye.

Baada ya wiki mbili mama mkwe hakuonekana.
Kilichoonekana ni kigoda chake, kimegeuzwa miguu juu.
Sikuuliza. Nilikuwa mtazamaji.
Subilaga alikaa mbele ya simu, mtoto amelala mgongoni,
kitenge cheusi kimefungwa kichwani.
"Kila siku unamwangalia yeye," alisema.
"Leo niangalie mimi kidogo."
Nikaweka kalamu chini.
Hatukuongeza neno. Chai ikapoa kwake,
ikapoa na kwangu.

Alipojua kutambaa alikuja moja kwa moja hadi kwenye kioo,
akaninyonya paji la uso,
nikaona ufizi, na jino moja kama punje ya mchele,
kisha akazunguka nyuma kunitafuta.
Nikasikia chupa inaanguka.
Nikaona dari: masizi, uzi wa buibui, msumari,
dari,
kwa dakika kumi na moja.

Watu walipoanza tena kushikana mikono nilipanda kwenda.
Nilivua viatu. Nilikuwa nimekisia vibaya:
nyumba ilinukia majani mabichi ya chai na sabuni ya mche.
Subilaga ni mfupi kuliko nilivyodhani.
Alinishika viwiko vyote viwili, akacheka, akafuta macho,
akaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Ipyana sasa anasimama kwa kushika stuli.
Alinikagua uso, akautambua, akashuka chini,
akakwama kwenye miguu. Kumbe nina miguu.
Akashika sketi yangu, akajivuta taratibu,
akaenda kuchungulia nyuma ya mgongo wangu.